Sindano ya soriasisi na vyumba vitatu vya Lamu

Tangu Shirika la Afya Duniani litoe toleo la 24 la orodha yake ya dawa muhimu, Septemba 2025, na kutangaza kwamba dawa za soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye mabaka na magamba, ni miongoni mwa zilizoongezwa, habari hiyo imefika Lamu ikiwa imepindwa mara mbili. Walioipinda kwanza ni wenye maradhi na jamaa zao: wamesikia kwamba ile sindano ya bei ya dhahabu sasa itatolewa bure hospitalini, unachomwa, unapona, unakwenda zako. Walioipinda mara ya pili ni wajuzi wetu wa barazani, ambao wameitupa kapuni. Orodha ya Geneva, wanasema, haimtibu mtu, na visiwa ambavyo mjamzito wake bado anavushwa usiku kwa boti ya kukodi havina haja ya kuzungumzia dawa inayozalishwa na chembe hai. Pande zote mbili zimekosea, tena mahali pamoja. Zote zinadhani jambo zito hapa ni sindano. Hoja yangu ni kwamba sindano ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Inanunulika, inasafirishika, na bei yake inashuka. Kitakachoamua kama mgonjwa wa Matondoni au Faza atafaidika nayo ni yanayoitangulia: nani ameutambua ugonjwa, nani amempima kifua, nani amemjaribisha vidonge vya bei nafuu kwanza, na dawa italala katika friji ya nani. Mengi ya hayo Lamu tunayo tayari. Tatizo ni kwamba yamefungiwa katika vyumba mbalimbali na hakuna anayepita na ufunguo.

Nitoe kisa kimoja tu. Binamu yangu ni fundi wa mashua Matondoni. Magotini, viwikoni na kwenye miundi ana mabaka mazito yenye magamba meupe kama ya changu, na akiinuka kwenye mkeka hugeuka haraka kupangusa alipokuwa amekaa kabla mtu hajaona. Mpwa wake aliyeko Muscat alimtumia kalamu mbili za adalimumabu, ile sindano ya kujichoma mwenyewe, ambazo ndizo dozi ya kwanza kamili, miligramu 80. Msafiri alizifikisha Mombasa. Kutoka hapo zikapanda basi la alfajiri ndani ya sanduku la barafu la kuwekea samaki, zikalazwa juu ya barafu tupu, zikapita Malindi, Garsen na Witu mpaka gatini Mokowe. Mimi ndiye niliyezipokea. Kalamu ina kidirisha kidogo ubavuni, na dawa inayoonekana humo inatakiwa iwe maji angavu. Yetu ilikuwa na ukungu mweupe, imeganda. Tukasubiri iyeyuke, tukamshukuru Mungu kwamba haikuharibiwa na joto, akajichoma. Wiki zikapita, mabaka yakabaki yalivyo. Kwa haki, dozi moja isingetosha hata ingekuwa nzima. Lakini dawa hiyo ikiganda imekufa, na kuyeyuka hakuifufui. Sisi hatukujua. Barazani hukumu ilikuwa fupi: dawa ya wazungu imeshindwa na ugonjwa wa kiswahili.

Nusu ya ukorofi inaanzia kwenye jina. Soriasisi haina jina la Kiswahili tunalokubaliana sote. Huyu ataiita choa, yule mbalanga, mwingine ukurutu, na mwenye ulimi mrefu ataiita ukoma, neno ambalo likishaanguka mtaani haliokoteki. Si lolote kati ya hayo. Haiambukizi kwa mkono, kwa mswala, kwa kanzu wala kwa kikombe. Ni kinga ya mwili iliyokanganyikiwa: chembe nyeupe zinatangaza vita kwenye ngozi isiyo na adui, na ngozi, ambayo kwa kawaida huchukua kama mwezi kujivua na kuvaa mpya, inakimbizwa ifanye kazi hiyo kwa siku tatu hadi tano. Chembe changa zinarundikana juu kabla hazijakomaa, na hayo ndiyo magamba. Aina ya mabaka ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, wagonjwa wanane au tisa katika kila kumi. Vitabu vingi vinasema mabaka ni mekundu, kwa kuwa picha zake zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huwa ya zambarau, ya kijivu au ya hudhurungi iliyokolea, na yakipoa huacha madoa ambayo jirani huyahesabu kuwa ugonjwa mwingine. Na pale ngozi inapoumia, ugonjwa hufuata: mkwaruzo, chale, msuguano wa kamba. Fundi anayepigia mbao magoti kutwa hana ujanja nao.

Sasa dawa yenyewe. Dawa za kibayolojia hazichanganywi kwa kemikali kama vidonge. Adalimumabu ni kingamwili inayozalishwa na chembe za kijinyama cha jamii ya panya, chembe ambazo hukuzwa katika matangi kiwandani (nimeshaulizwa mara mbili kama ni halali, hilo nawaachia masheikh). Ikiingia chini ya ngozi, inakwenda kukamata ujumbe mmoja tu, unaoitwa TNF, kati ya jumbe ambazo chembe za kinga hutumiana kuwasha moto wa uvimbe. Dawa zilizokuja baadaye zinakamata jumbe zilizo karibu zaidi na chanzo cha ugonjwa: interlukini 17 au interlukini 23. Adalimumabu huchomwa kila baada ya wiki mbili. Risankizumabu, ya kundi la interlukini 23, baada ya dozi mbili za mwanzo huchomwa mara moja kila wiki 12. Zinafanya kazi, na hili wajuzi wa baraza inabidi wakubali kwanza ndipo tujadiliane. Katika jaribio moja lililolinganisha adalimumabu, vidonge vya methotreksati na dawa bandia, baada ya wiki 16 takriban asilimia 80 ya waliochomwa walikuwa wamepungukiwa na ugonjwa kwa robo tatu au zaidi. Kwa waliomeza methotreksati ilikuwa takriban asilimia 36, na kwa waliopewa dawa bandia asilimia 19. Risankizumabu imekwenda mbali zaidi: katika majaribio yake makubwa, robo tatu hivi ya wagonjwa walifikia nafuu ya asilimia 90 katika muda huohuo. Mtu aliyeficha mikono miaka ishirini anavaa shati la mikono mifupi. Lakini hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayoponya. Ukiacha, kwa walio wengi ugonjwa hurudi, kwa huyu baada ya wiki kadhaa, kwa yule baada ya miezi mingi. Wanaongoja kuchomwa na kwenda zao wanangoja kitu ambacho hakuna mtengenezaji aliyewahi kukiahidi.

Orodha, basi, ina maana gani? Orodha ya dawa muhimu, iliyoanza mwaka 1977, haimwandikii mgonjwa dawa. Inaziandikia serikali. Inaziambia: mkikaa kupanga dawa za lazima kwa umma wenu, hii nayo ina ushahidi wa kutosha kuwekwa mezani. Kila nchi hutengeneza orodha yake, na kwetu Kenya, baada ya Katiba ya 2010 na ugatuzi wa 2013, hospitali ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo kati ya Geneva na goti la binamu yangu kuna meza nyingi: Wizara, wakala wa ununuzi, kaunti, na tangu Oktoba 2024 kuna pia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali. Adalimumabu yenyewe si mgeni: iliingia orodha ya dunia mwaka 2019 kwa ajili ya maradhi ya viungo na ya matumbo. Aliyedhani kuingia orodhani ni kuingia dukani angekwishaiona kwenye makabati yetu. Hata hivyo kuidharau orodha nako ni kosa. Kabla yake, mwenye soriasisi kali alikuwa mtu anayeomba fadhila. Sasa ana hoja, na hoja ni kitu unachoweza kwenda nacho kwenye kikao cha bajeti.

Hoja nzito ya upande wa pili nitaitendea haki, kwa sababu inaniumiza kichwa. Inasema hivi: shilingi ya kaunti ni moja. Ukiitia kwenye kalamu ya adalimumabu, umeitoa kwenye boti ya wagonjwa ya Kizingitini, kwenye damu ya mzazi anayevuja, kwenye kipimo cha malaria Witu. Kwa gharama ya mgonjwa mmoja wa sindano unaweza kuwatibu watu kadhaa wa shinikizo la damu. Sina jibu la kuivunja hoja hii, na sidhani inavunjika. Naweza tu kuiwekea mipaka. Anayetumia hoja ya kipaumbele lazima aitumie pia kwa yaliyo chini ya sindano, na hapo inageuka. Methotreksati ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Mafuta ya kupaka yenye steroidi au asidi ya salisiliki si ghali. Kumfundisha mhudumu mmoja atofautishe choa na soriasisi kunagharimu nauli na ada. Kama kipaumbele ndicho kinachotutawala kweli, hayo yangekuwa yamekamilika zamani. Kutokamilika kwake kunaonyesha kwamba hatukukaa tukapima, tukaamua ugonjwa huu usubiri, hatukuutazama kabisa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kuliko zote: kwamba hili ni jambo la ngozi, la urembo, haliui. Nimeisikia kwa watu wenye shahada. Soriasisi ni uvimbe wa mwili mzima unaoonekana kwenye ngozi. Hadi thuluthi moja ya wagonjwa hupata ugonjwa wa viungo unaoandamana nayo, unaovimbisha vidole mpaka vinakuwa kama ndizi na, usipotibiwa, unaharibu mfupa moja kwa moja. Mwulize fundi, mshonaji kofia au mchongaji milango maana ya kidole kisichokunja. Wenye ugonjwa mkali wana hatari zaidi ya maradhi ya moyo na kisukari. Sonona inawaandama. Baraza la Afya Duniani liliyatambua haya katika azimio lake la mwaka 2014, likaitaja soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu, unaolemaza na usio na tiba ya kuumaliza, na miaka miwili baadaye ripoti ya Shirika hilo ikakadiria wagonjwa kuwa watu milioni 100 au zaidi duniani. Na tuseme haya yote hayapo, kwamba kweli ni ngozi tu. Katika mji ambao watu husalimiana kwa mkono mara hamsini kwa siku, ambao safu ya msikitini ni bega kwa bega na mguu kwa mguu, ngozi si jambo dogo. Nimemwona binamu yangu akichagua kusimama pembeni mwa safu, karibu na nguzo, ili awe na jirani mmoja tu badala ya wawili. Na binti wa watu akipata baka kabla ya posa, urembo ndilo neno la mwisho utakalolitumia.

Hoja ya tatu ni ya kifua kikuu, na ndiyo ninayotaka isikilizwe hasa na wale wanaoagiza sindano kupitia jamaa walioko Ghuba. Wapo wanaosema kwamba kumchoma Mkenya dawa inayoshusha kinga, katika nchi yenye kifua kikuu kingi, ni kumuua. Wana nusu ya ukweli. Watu wengi wamebeba vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, ambavyo mwili umevijengea ukuta, na TNF ni mmoja wa mafundi wanaoushikilia ukuta huo. Ukimwondoa fundi, ukuta unaweza kuanguka. Ndiyo maana kabla ya kalamu ya kwanza mtu hupigwa picha ya kifua na kupimwa kwa sindano ya ngozi au kwa damu. Hupimwa pia homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Akikutwa na kifua kikuu kilicholala, hupewa dawa za kinga, na kwa kawaida sindano husubiri angalau mwezi mmoja tangu aanze kuzimeza. Binamu yangu hakupimwa chochote. Aliandikiwa, akatumiwa, akajichoma, na barafu ya samaki pengine ilimwokoa na kitu tusichokijua. Lakini nusu nyingine ya ukweli ni kwamba dawa za interlukini 17 na 23 hazijaonyesha hatari hiyo kwa kiwango cha zile za TNF. Kwa hiyo jibu la wenye hofu si kuikataa sindano. Ni kuuliza ipi, baada ya vipimo vipi. Swali hilo hufika mezani kwa nchi inayonunua yenyewe kwa kuchagua. Anayepokea alichobahatika kutumiwa na mpwa hana nafasi ya kuliuliza.

Tuje kwenye bei, ambayo wengi huianza na kuimalizia hapohapo. Ni kweli, Humira, jina la kwanza la adalimumabu, iliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 20 katika mwaka 2022 pekee, na dawa haifiki huko kwa kuuzwa kwa maskini. Ila hati miliki huisha. India walikuwa na adalimumabu yao wenyewe tangu mwisho wa 2014, ikauzwa kwa takriban moja ya tano ya bei ya Marekani. Ulaya nakala zake ziliingia Oktoba 2018, na mwenye dawa ya asili akajikuta akitoa punguzo la hadi asilimia 80 katika baadhi ya zabuni. Marekani zikaingia 2023. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati wa dawa za UKIMWI tumeshaiona sinema hii. Matibabu ya mwaka mmoja yaliyokuwa yakiuzwa zaidi ya dola 10,000, Cipla ya India ikatangaza mwaka 2001 kwamba itayatoa kwa dola 350, na waliosema Afrika haiwezi wakanyamaza. Nakiri mfano huu una kasoro: kidonge kinaigwa kwa urahisi, kingamwili haiigwi hivyo. Nakala yake haifanani na ya asili kwa asilimia mia, inahitaji majaribio na viwanda vya gharama, na bei haitaanguka kwa kasi ileile. Lakini itaendelea kushuka. Anayesema haitatufikia kamwe, nimkumbushe kwamba maneno hayohayo yalisemwa juu ya wagonjwa ambao leo wanachukua vidonge vyao kila mwezi na kwenda zao baharini.

Sasa niingie chini ya sindano, mahali ambapo kusema kweli ndipo ugonjwa unaposhindwa au kushinda. Mgonjwa wa kawaida kwetu huanza na mafuta ya nazi, mwarubaini na habasoda, kisha kombe, na simlaumu. Mafuta yanalainisha magamba na kombe halimdhuru. Madhara huanza dukani. Huuziwa dawa ya fangasi kwa miezi. Baadaye huuziwa tyubu ya klobetasoli, steroidi kali ileile ambayo wengine hujipaka usoni wang'ae, bila kuambiwa aipake wapi na kwa siku ngapi. Mwisho kabisa hukutana na mtu mwenye sindano: inapigwa tako, na ndani ya wiki moja mabaka yanayeyuka kama miujiza. Hiyo si sindano tunayoizungumzia hapa. Ni steroidi, na nguvu yake ikiisha soriasisi inaweza kurudi kwa hasira, pengine mwili mzima ukawaka na kubambuka, hali ambayo ni ya kulazwa. Binamu yangu alipigwa mbili za namna hiyo mahali ambapo sitapataja. Ndizo zilizomfanya aamini kwamba dawa ya ugonjwa huu lazima iwe sindano, na kwamba vidonge ni vya wasio na jamaa.

Kidonge anachokidharau kina historia ndefu kuliko kalamu yake. Mwaka 1951 madaktari wa Marekani waliona dawa ya aminopterini, dada mkubwa wa methotreksati, ikisafisha soriasisi ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa viungo, na mwaka 1972 methotreksati ikaidhinishwa huko kwa ajili ya ugonjwa huu. Ile asilimia 36 niliyoitaja inaonekana ndogo, na wapo waliolikosoa jaribio lile kwa kuianza kwa dozi ya chini mno. Lakini mgonjwa mmoja kati ya watatu kupata nafuu kubwa kwa kidonge cha bei ndogo si jambo la kupuuza. Masharti yake ndiyo magumu. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kumeua watu, na kosa hilo ni jepesi kutokea pale karatasi inapoandikwa haraka na mgonjwa akashika alichozoea. Huandamana na vidonge vya asidi ya foliki. Damu, ini na figo hupimwa mara kwa mara. Mwanamke mwenye mimba, au anayeitafuta, haruhusiwi kuigusa kabisa, na hapa hoja ya sindano inapata nguvu ambayo wajuzi wa baraza hawajaifikiria: kwa msichana wa miaka ishirini na tano anayetaka kuolewa na kuzaa, ngazi ya methotreksati haipo. Kati ya tyubu na kalamu hana pengi pa kukanyaga.

Kuna wanaosema tuna jua na bahari, tunataka nini tena. Si mzaha: mwanga wa urujuanimno wa kipimo cha nanomita 311 ni tiba kamili inayotolewa kwa mashine, na jua lina sehemu ya mwanga huo. Dakika chache za asubuhi juu ya dari, ambako hata mwenye buibui anaweza kujianika bila kuonwa, huwasaidia wengi. Kujibabua mchana kunaamsha mabaka mapya. Basi, hilo limekwisha.

Nilisema Lamu ina vyumba. Cha kwanza ni chumba cha chanjo. Chanjo za watoto hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kipimo kilekile cha kalamu ya adalimumabu, na zimekuwa zikivuka maji kwenda Pate na kupanda mchanga kwenda Kiunga kwa miaka mingi, katika mji ambao joto la sebuleni ni zaidi ya zile nyuzijoto 25 ambazo kalamu hiyo huvumilia kwa siku 14 tu. Muuguzi wa chanjo anajua jambo ambalo mimi na binamu yangu hatukulijua: kwamba baadhi ya chanjo zikiganda zimekufa, ndiyo maana huweka kizuizi kati ya chupa na barafu, na hutikisa chupa anayoitilia shaka aone kama mashapo yanashuka haraka. Laiti tungemgongea mlango siku ile. Chumba cha pili ni kliniki ya kifua kikuu, penye vipimo na dawa za kinga. Cha tatu ni kliniki ya UKIMWI, ambayo inajua kazi ambayo hospitali nyingi haziijui: kumshika mtu mwenye ugonjwa usiopona kwa miaka ishirini, kumpa tarehe, kumpigia simu asipokuja, kumpima damu kwa ratiba. Ukiviunganisha vyumba hivi vitatu umepata karibu kila kitu ambacho kliniki ya dawa za kibayolojia inahitaji, isipokuwa jicho la kuitambua soriasisi na dawa yenyewe. Jicho linapatikana Moshi, ng'ambo ya mpaka, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kanda kinachofundisha maafisa wa kliniki magonjwa ya ngozi kwa ajili ya sehemu kama zetu hasa, zisizo na daktari bingwa. Afisa mmoja wa namna hiyo, akiwa na simu ya kumtumia picha bingwa wa Mombasa, angebadilisha mengi kabla kaunti haijanunua kalamu hata moja.

Kinachofuata kutoka hapa hakitawapendeza wote. Kwanza, nisingependa kaunti ianze kwa kununua sindano, hata ikipata mhisani kesho. Dawa hizi zina tabia ambayo mhisani haielewi: zikikatika katikati na kuanzwa upya, mwili unaweza kuzitengenezea kingamwili zake na kuzikataa, na adalimumabu ni mojawapo ya zinazokataliwa. Kuwachoma watu arobaini kwa miezi sita, kisha kusema shehena imechelewa, ni kuwaharibia dawa ambayo wangeihitaji baadaye. Afadhali wachomwe watano ambao bajeti yao imefungwa kwa miaka mitatu. Pili, hao watano wachaguliwe kwa sharti lililobandikwa ukutani: amejaribu methotreksati kwa dozi kamili ikamshinda, au hawezi kuimeza kwa sababu ya uzazi au ini, au viungo vimeanza kuharibika. Bila karatasi hiyo ukutani, kalamu zitakwenda kwa wenye simu za wakubwa; sote tunaishi hapa, tusidanganyane. Tatu, wanaokatwa asilimia 2.75 ya mapato yao kwa ajili ya SHA wana haki ya kuuliza kama mfuko wa magonjwa sugu unaihesabu soriasisi kali kuwa sugu, na mahali pa kuuliza ni vikao vya maoni ya bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Viti vya vikao hivyo, nilivyoviona mimi, huwa vitupu kuanzia safu ya tatu.

Binamu yangu sasa anameza methotreksati kila Ijumaa. Tulichagua Ijumaa kwa sababu hawezi kuisahau: akitoka msikitini anameza, na mkewe anaweka alama kwenye kalenda ukutani. Damu huenda kutolewa mjini, kwa boti au kwa punda, kutegemea maji yamejaa au yametoka. Alipimwa kifua, yu salama. Huu ni mwezi wa tano. Viwiko vimesafika, goti la kulia limebaki na doa tu, na wiki iliyopita nilimwona amepiga magoti juu ya ubao bila lile tambara alilokuwa akilikunja chini yake. Goti la kushoto na miundi bado. Afisa aliyemwona amesema dozi imefika mwisho wake, na kwamba mtu wa namna hii ndiye anayefaa kupandishwa ngazi inayofuata. Kisha akamwandikia karatasi ya rufaa, akaacha wazi mstari wa jina la hospitali.